Deni la mita isiyo yangu

Mei 2023, mimi na mume wangu tuliomba mkopo wa nyumba hapa Uingereza. Siku ya nne afisa wa benki alinipigia simu nikiwa natoka kazini. Aliuliza kama kuna deni la umeme ambalo sikuliandika kwenye fomu. Nikamwambia hakuna. Akauliza tena, taratibu, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake nafasi ya kukumbuka. Nikamjibu kwamba sina deni la umeme, sijawahi kuwa nalo, na risiti zote ninazo. Basi akanishauri nikaangalie taarifa zangu za mikopo, kwa sababu upande wao wanaona alama ya mtu aliyeshindwa kulipa, na kwa alama ile ombi letu haliendi mbele.

Nilikaa kwenye benchi la kituo, basi likaja, likaondoka. Mama yangu akidaiwa hapati usingizi, na sisi wanawe ametulea hivyo hivyo. Kusikia kwa mtu nisiyemjua kwamba jina langu limeandikwa mahali fulani kama jina la mkwepa madeni, na mimi sina habari, kuliniuma kuliko kukosa mkopo wenyewe.

Hapa Uingereza kampuni kubwa zinazotunza taarifa za mikopo ni tatu: Experian, Equifax na TransUnion. Zamani nakala ya taarifa zako ulilipia pauni 2, lakini tangu Mei 2018 ni bure. Usiku ule niliomba zote tatu. Nasisitiza na wewe uombe zote, maana kampuni moja inaweza kuwa na kosa ambalo nyingine haina. Kwangu mimi moja ilikuwa safi kabisa. Mbili zilikuwa na ugonjwa uleule.

Wengi tunadhani taarifa hizi zinahusu benki na kadi peke yake. Kumbe kampuni za umeme na gesi nazo hupeleka majina ya wateja wao kila mwezi. Kila mwezi unapata namba yake: 0 maana yake umelipa, 1 umechelewa mwezi mmoja, 2 miwili, na kuendelea. Ukifika 8, umeandikwa kwamba umeshindwa kulipa. Akaunti yangu ya umeme ya nyumba tuliyopanga zamani ilikuwa pale, sifuri tupu tangu Septemba 2018 hadi tulipohama tarehe 27 Februari 2021, imefungwa, haina deni. Niliitazama kwa raha. Halafu nikateremsha skrini. Chini yake ilikuwepo akaunti ya pili ya kampuni ileile, nyumba ileile, jina langu, namba ya akaunti ambayo sijawahi kuiona maishani. Mei 2021, 1. Juni, 2. Julai, 3. Zikapanda hivyo hadi 6 mwezi Oktoba, na Novemba ikakaa ile 8. Pauni 614.

Alama ya namna hiyo hukaa miaka sita tangu siku ilipoandikwa. Nikahesabu kwa vidole: Novemba 2027.

Kesho yake nilianza na simu, na hapo ndipo nilipopoteza wiki tatu. Wa kwanza aliniambia akaunti hiyo haionekani kwenye mfumo. Wa pili aliiona, akasema ni umeme wa miezi tisa ambao haukulipiwa. Wa tatu alikuwa mpole sana, akasema ananielewa, lakini njia ya haraka ni nilipe kwanza kisha nidai kurudishiwa. Wa nne aliniambia deni limeshapelekwa kwa kampuni ya kukusanya madeni na yeye hana mamlaka nalo tena. Simu nne, majibu manne, na sikuwa na maandishi hata mstari mmoja. Tangu hapo kila nilichokuwa na haja ya kusema nilikisema kwa barua pepe.

Kaka yangu mkubwa alipopata habari alinipigia. "Mdogo wangu, dawa ya deni kulipa. Pauni mia sita unazo. Lipa, mpate nyumba, yaishe." Alisema kwa mapenzi, na kwa kweli nilishawishika. Fedha zilikuwepo kwenye akiba. Nilifungua mpaka ukurasa wa malipo.

Kilichonizuia ni kusoma vizuri ile taarifa kabla ya kubonyeza. Kulipa hakufuti alama. Ukilipa, ile 8 inabaki palepale hadi miaka sita iishe, ila pembeni wanaandika kwamba deni limelipwa. Yaani ningetoa pauni 614, na benki zingeendelea kuniona kama mtu aliyegoma kulipa mpaka alipobanwa. Isitoshe, baada ya kulipa ningesimamaje tena kusema deni si langu? Dawa ya deni kulipa, ndiyo, lakini ni deni lako. Nilimwambia kaka hivyo, akanyamaza, kisha akasema, "Basi pambana. Ukihitaji mtu wa kukusomea barua kabla hujazituma, niko hapa." Alizisoma zote.

Nilipinga ile taarifa kwa kampuni mbili zilizokuwa nayo. Upingaji wenyewe ni rahisi, unajaza fomu, na wana siku 28 za kukujibu. Huku wanasubiri, huweka alama kwamba jambo hili linabishaniwa. Lakini elewa mipaka yao: taarifa si yao. Wao wanamuuliza aliyeipeleka, "Je, ni kweli?" Akisema ni kweli, inabaki. Na mashine ileile iliyokosea ndiyo inayojibu. Nilipata majibu siku ya 19 na siku ya 24, yote yanafanana: kampuni ya umeme imethibitisha kwamba taarifa ni sahihi.

Hapo ndipo nilipoacha kuhangaika na mwisho wa bomba, nikaanza kutafuta maji yanakotokea.

Siku tuliyohama nilipiga picha ya mita. Sikuwa na hekima yoyote maalum, mwenye nyumba tu alituomba tumtumie usomaji wa mwisho. Picha ilikuwa bado kwenye simu, baada ya mamia ya picha za watoto. Unaona kabati la chini ya ngazi, waya za kijivu, na mita mbili zimekaa bega kwa bega kama mapacha. Mita ya kushoto ndiyo niliyoilenga. Niliikuza picha kwa vidole mpaka namba ikasomeka: inaishia 38. Ya kulia imekatwa nusu na ukingo wa picha, lakini namba zake za mwisho zinaonekana: 39. Mita hizo zilifungwa siku moja na fundi mmoja, namba zinafuatana. Ya kwetu ilikuwa 38, ya ghorofa ya juu 39. Nikafungua bili zetu zote za zamani. 38, 38, 38. Nikafungua ile barua moja ya kudai pauni 614 ambayo kampuni ilikubali hatimaye kunitumia kwa barua pepe. 39.

Nilimwita mume wangu kutoka chumba kingine nikashindwa kuongea, nikamwonyesha kwa kidole.

Unadhani yangeishia hapo. Niliwatumia picha na bili, wakajibu kwamba kwa kumbukumbu zao mita ya nyumba ile ni 39, na kwamba huenda kwa miaka yote ile nilikuwa nalipia mita isiyo yangu. Jibu hili lilinikosesha raha siku mbili, maana mita kupishana hutokea kweli kwenye majengo yenye nyumba nyingi. Picha inaonyesha namba, haionyeshi waya unakwenda wapi. Ikabidi twende wenyewe.

Jumamosi moja mwezi Juni tuligonga mlango wa nyumba yetu ya zamani. Alifungua kijana, mpangaji, amekaa pale tangu Aprili 2021. Nilipojitambulisha kwa jina uso wake ulibadilika. "Subiri," akasema, akaingia ndani, akarudi na bahasha zimefungwa kwa mpira. Zilikuwa 11, zote zina jina langu. Za mwanzo alikuwa akiandika kwamba mtu huyu hayupo na kuzirudisha posta, baadaye akachoka, akawa anaziweka tu. Nilizifungua palepale mlangoni. Ya sita ilikuwa ile ilani ya siku 28 ambayo kampuni hutakiwa kukutumia kabla hawajakuandika kwamba umeshindwa kulipa. Walikuwa na anwani yangu mpya kwenye akaunti ya kwanza, niliwapa mwenyewe. Akaunti ya pili haikuwa nayo.

Tukamweleza shida, akakubali tupime. Kama una wasiwasi na mita yako, kipimo chenyewe hakihitaji fundi, wala usifungue kitu chochote cha waya. Mita hizi zina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Kwenye uso wa zile mbili imeandikwa kwamba taa hupepesa mara 1000 kwa kila uniti moja. Mume wangu alikaa chini ya ngazi na tochi, mimi nikishika simu inayorekodi, kijana akiwa ndani kwenye swichi kuu. Kabla ya kuanza taa zote mbili zilikuwa zinapepesa. Kijana akazima swichi kuu. Taa ya 38 ikapepesa mara moja ya mwisho, ikatulia. Tukangoja dakika mbili nzima. 39, pembeni yake, ikaendelea kupepesa kana kwamba hakuna kilichotokea, ikihesabu umeme wa watu wa juu.

Kisha tukafanya kinyume. Kijana akachomoa vyote, akawasha swichi kuu, akawasha birika la umeme peke yake. Ni la kilowati 3, na kwa hesabu linapaswa kuipepesa taa mara 50 kwa dakika. Tulihesabu kwa sauti, mimi na mume wangu, kabatini mle: arobaini na saba, arobaini na nane, arobaini na tisa, dakika ikaisha. Kwenye 38.

Kijana alikuwa amesimama mlangoni anatutazama. Akaenda kuchukua bili yake mwenyewe. Ilikuwa na namba 39. Kwa zaidi ya miaka miwili alikuwa analipia umeme wa watu wa ghorofa ya juu, naye alikuwa akijilaumu kwamba anatumia vibaya.

Baada ya siku ile kazi ilikuwa ya karatasi, na nitaipita haraka isipokuwa mambo machache ambayo laiti ningeyajua mapema.

La kwanza ni haki ya kuomba kumbukumbu zako. Sheria ya ulinzi wa data inakuruhusu kuomba nakala ya kila kitu ambacho kampuni inacho kuhusu wewe, pamoja na simu zilizorekodiwa, bila malipo, na kwa kawaida wanatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja. Niliomba. Zikaja kurasa 140, nyingi hazina maana yoyote kwangu. Ukurasa wa 83 ulikuwa na mstari mmoja wa tarehe 9 Machi 2021, siku kumi baada ya kuhama kwetu: anwani za mita 38 na 39 zimebadilishana. Hakuna sababu iliyoandikwa wala jina la aliyeagiza. Mfumo ukajikuta una mita 39 kwenye nyumba yetu, ukaona "hatukuilipia" kwa miezi tisa ya mwisho, ukafungua akaunti mpya kwa jina langu na kuanza kudai. Hakuna binadamu aliyeamua kunidhulumu. Lakini pia hakuna binadamu aliyesimama kidogo kujiuliza kwa nini mteja aliyelipa kila mwezi kwa miaka miwili na nusu ana deni la siri.

La pili ni maneno 200. Ukishindwa kuiondoa taarifa kwa haraka, unayo haki ya kuambatisha maelezo yako mwenyewe yasiyozidi maneno 200, na kila anayefungua taarifa zako atayaona. Yana gharama yake, maana ombi lenye maelezo hulazimika kusomwa na mtu badala ya mashine, na linachelewa. Mimi niliona bora lichelewe. Sikueleza uchungu wangu. Niliandika namba za mita, tarehe, na kwamba ushahidi wa video upo. Sentensi tano. Kuzipunguza hadi tano kulinichukua jioni nzima, kwa sababu kila mara nilitaka kuongeza kwamba mimi ni mtu mwaminifu, na kila mara kaka alikuwa anaikata sentensi hiyo. Alikuwa sahihi.

La tatu, na ndilo kubwa, ni kuandika malalamiko rasmi yenye neno hilo hasa, malalamiko, na kutunza tarehe. Nilituma yangu tarehe 12 Juni. Wiki nane zikipita bila suluhu, au kampuni ikikuandikia kwamba imefika mwisho, unaweza kwenda kwa Energy Ombudsman, msuluhishi wa mambo ya umeme na gesi. Hulipi chochote, na ukiukubali uamuzi wake kampuni inabanwa nao. Wiki nane zilitimia tarehe 7 Agosti. Tarehe 8 asubuhi nilikuwa nimeshapeleka kila kitu: video, picha, bili 29, ukurasa wa 83, na barua ya kijana.

Uamuzi ulitoka Oktoba. Deni lifutwe, lirudishwe kutoka kwa wakusanya madeni, taarifa iondolewe kote ilikopelekwa, waombe radhi kwa maandishi, wanilipe pauni 150. Nililia kidogo. Si kwa sababu ya pauni 150. Ni kwamba mtu alikuwa amekaa chini akasoma kila ukurasa, na katika aya ya tatu aliandika kwamba mlalamikaji hakuwahi kudaiwa.

Hata hivyo usifunge faili siku ya uamuzi. Wana siku 28 za kutekeleza, na nilipoangalia siku ya 26, ile 8 bado ilikuwepo. Walichofanya ni kuandika pembeni yake kwamba deni limelipwa. Kwa mtu asiyejua, inaonekana kama jambo limekwisha. Lakini "limelipwa" ni kukiri kwamba lilikuwepo. Nikamwandikia msuluhishi neno kwa neno: uamuzi unasema taarifa iondolewe, haukusema ibadilishwe. Wiki moja baadaye kampuni moja ya taarifa ikaifuta. Ya pili iliendelea kuionyesha hadi katikati ya Desemba, kwa sababu taarifa huingia mara moja kwa mwezi na mwezi ule ulikuwa umeshapita. Nilikuwa naifungua kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Asubuhi niliyoikuta haipo, niliteremsha skrini hadi chini, nikapandisha, nikateremsha tena.

Mkopo tuliomba upya Januari 2024, kwa benki nyingine. Ulipita.

Kijana naye amerudishiwa fedha alizolipa zaidi, baada ya miezi mitano na barua tatu ambazo tuliziandika pamoja. Sasa limebaki la ghorofa ya juu. Juzi alinitumia ujumbe kwamba jirani yake wa juu amepokea bili kubwa: kampuni imerekebisha mita, na inamdai umeme wote wa 39 tangu 2021 ambao hakuulipia. Jirani mwenyewe hana kosa, alikuwa analipa bili alizoletewa. Na kuna kanuni, tangu 2018, kwamba kampuni ikikosea yenyewe haiwezi kumdai mteja wa nyumbani umeme uliotumika zaidi ya miezi 12 iliyopita. Bili aliyoletewa inarudi nyuma karibu miaka mitatu.

Nimemwandikia ukurasa mmoja, kijana ataupitisha chini ya mlango wake leo jioni. Nimeweka kanuni ya miezi 12, anwani ya kutuma malalamiko, tarehe ya kuanza kuhesabu wiki nane, na nakala ya ukurasa wa 83. Mwishoni nimemwomba asilipe kitu kwanza, ashuke hadi chini ya ngazi na simu yake, apige picha mita ya kulia, na ahakikishe namba inasomeka.